Cheti ni Shahidi Mmoja

Kuna swali ambalo vijana wa Manibe wananiuliza karibu kila wiki: "Kaka, hii kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, bila digrii wanaweza kukuchukua kweli?" Anayeuliza huwa ni mmoja kati ya watu watatu. Wa kwanza amemaliza S4 na karo ya kuendelea haipo. Wa pili ana diploma ya serikali ya Kongo, ile ya kumaliza sekondari, na hapa ameambiwa kwanza ikalinganishwe Kampala ndipo itambulike. Wa tatu alisoma vizuri kabisa, ila karatasi zake zilibaki kwenye nyumba iliyochomwa, Ituri au Yei, na pengine hata shule yenyewe haipo tena.

Na nyuma ya kijana kuna mzazi. Mama mmoja wa kikundi cha akiba aliniambia bila kuzunguka: "Mimi niko na ng'ombe mmoja. Nikimuuza, nataka kujua nimenunua nini." Swali la mama huyu ndilo limenifanya niandike. Mabango ya kozi yanasema digrii ni mambo ya zamani, miezi sita inatosha. Walimu wengi wanasema bila digrii wewe si kitu. Wote wawili wanataka yule ng'ombe.

Mimi niliishia S6. Sina digrii ya kutetea na sina kozi ya kuuza. Basi nikaona nitafute jibu katika historia ya kazi yenyewe: nani waliingia, lini, kwa mlango gani. Nilichokiona ni hiki. Kazi ya programu haikuanza na digrii, na mpaka leo kuna watu wanaingia bila digrii. Lakini sijaona wakati wowote ambapo watu waliingia bila shahidi. Kila wakati kulikuwa na kitu au mtu wa kusema mbele ya mwenye kazi: huyu anaweza, mimi nimemuona. Digrii ni shahidi wa aina hiyo. Ni mmoja kati ya wengi, na katika historia alichelewa kufika.

Kabla digrii haijazaliwa

Februari 1946, huko Philadelphia, Marekani, watu walionyeshwa mashine kubwa iliyojaza chumba kizima. Iliitwa ENIAC, na jeshi lililipia ijengwe ili ipige hesabu za mwendo wa makombora ya mizinga. Walioipanga ili itoe majibu walikuwa wanawake sita: Kay McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walipewa michoro ya mashine, wakaisoma mpaka wakaielewa, halafu wakaiamrisha kwa kuchomeka nyaya na kugeuza swichi.

Hakuna ambaye angewauliza digrii ya sayansi ya kompyuta, kwa sababu kitu hicho hakikuwepo duniani. Chuo cha Cambridge, Uingereza, kilianza kutoa diploma ya kompyuta mwaka 1953. Marekani, idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1962. Kwa hiyo, kwa miaka mingi ya mwanzo, wote walioijenga kazi hii hawakuwa wameisomea kwa jina lake.

Wauza kozi wakifika hapa wanafunga hadithi. Sisi tuendelee kidogo. Wanawake wale hawakuokotwa barabarani. Walikuwa wamesoma chuoni, wengi wao somo la hesabu. Kay McNulty alizaliwa Donegal, Ireland, mwaka 1921, katika nyumba ya watu waliozungumza Kiairishi. Wazazi wake walihamia Marekani naye akiwa mdogo, hajui Kiingereza hata neno. Alimaliza chuo mwaka 1942 kwa somo la hesabu, na wakati huo wanaume wengi walikuwa vitani, jeshi linatafuta watu wa kupiga hesabu kwa mkono. Kwa hiyo aliingia kwa sababu mbili: alikuwa na karatasi ya kazi jirani, na mwenye kazi alikuwa na njaa ya watu. Shikeni hilo neno njaa, tutalikuta tena.

Kuna jambo la pili. Siku mashine ilipoonyeshwa kwa wageni, magazeti yaliisifu, wakasifiwa na wahandisi walioijenga. Wale sita hawakutambulishwa. Baadaye watu walioona picha zao wamesimama kando ya ENIAC walidhani ni warembo waliowekwa tu kupamba picha. Ilichukua miongo kadhaa mpaka majina yao yakarudishwa mahali pake. Wazee wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kazi hii methali inashindwa. Kazi njema inaweza kukaa mbele ya macho ya watu, na aliyeifanya asijulikane, kama hakuna wa kumshuhudia.

Miaka ya 1950 kompyuta zilianza kuuzwa kwa makampuni, na watu wa kuziandikia programu hawakutosha. Kampuni ya IBM ikatunga mtihani wa kupima kama mtu anaweza kufikiri kwa mpangilio. Ukipita, unaajiriwa na kufundishwa kazini. Shahidi wa wakati huo alikuwa ule mtihani, na mwajiri mwenyewe ndiye aliyelipia masomo.

Mkimbizi aliyejiita Steve

Sasa niwaletee mtu ambaye watu wetu wangepaswa kumjua. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, katika familia ya baba Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka mitano, alipandishwa treni huko Vienna pamoja na dada yake wa miaka tisa, bila wazazi. Ilikuwa moja ya zile treni zilizowatoa watoto karibu 10,000 kwa Wanazi na kuwapeleka Uingereza. Alilelewa na watu asiowajua, katika lugha asiyoijua. Leo anajulikana kama Dame Stephanie Shirley.

Shuleni alipenda hesabu, lakini shule yake ya wasichana haikuwa na mwalimu wa kumfikisha alikotaka. Ikabidi akasome somo hilo katika shule ya wavulana. Alipofika miaka 18 hakwenda chuo kikuu. Aliingia kazini, kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza pale Dollis Hill, London, katika enzi za kompyuta za mwanzo kabisa. Mchana alifanya kazi, jioni alikwenda darasani. Ilimchukua miaka sita ya masomo ya jioni mpaka akapata digrii ya hesabu.

Angalieni mpangilio huo. Hakusema "digrii haina maana". Hakusema pia "nitasubiri digrii ndipo nianze". Kazi ilikuja mbele, digrii ikaja nyuma, na ile kazi ndiyo iliyompa mshahara wa kuishi huku akisoma.

Mwaka 1962 alianzisha kampuni yake ya programu kwa mtaji wa pauni sita. Wafanyakazi aliowataka ni wanawake waliojua kazi hii lakini wameiacha kwa sababu ya ndoa au watoto. Walifanya kazi nyumbani. Na msidhani walikuwa na kompyuta nyumbani. Waliandika programu kwa penseli kwenye karatasi, wakatuma kwa posta, huko kituoni zikatobolewa kwenye kadi au utepe ili mashine isome. Mteja akipiga simu, Bi Shirley alikuwa na kanda yenye sauti ya mashine ya kuchapa, anaiwasha ili kelele ya mtoto isisikike na mteja adhani amepiga ofisini. Nikiwasimulia vijana wetu habari hii wanacheka, halafu wananyamaza. Sisi tuko kumi na laptopu moja. Wale walianza na penseli.

Lakini barua zake za kuomba kazi hazikujibiwa. Mume wake akampa wazo: tia saini "Steve", jina la kiume, badala ya Stephanie. Milango ikaanza kufunguka. Ujuzi ni uleule, penseli ni ileile. Kilichobadilika ni shahidi aliyesimama kwenye mstari wa mwisho wa barua. Kati ya wafanyakazi 300 wa kwanza wa kampuni yake, 297 walikuwa wanawake. Walitengeneza hata programu za kile kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Sheria ya mwaka 1975 dhidi ya ubaguzi wa jinsia ndiyo iliyomlazimisha, kwa mshangao wake, kuwapa nafasi na wanaume. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 91.

Mkimbizi huyo alipewa vitu ambavyo sisi wengine hatuna: uraia, posta inayofanya kazi, shule za jioni. Simtaji ili niseme "naye alikuwa mkimbizi, kwa nini wewe ushindwe". Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha mashahidi wanne wakifuatana: kazi ya kwanza, digrii ya jioni, jina la kuazima, na mwishowe kazi zenyewe zilizojulikana kwa wateja.

Kompyuta zinafika kwetu

Afrika Mashariki, kompyuta zilikuja kama mali ya serikali na makampuni makubwa. Serikali ya Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, aina ya ICT 1500, Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za serikali ukaleta hasara, na mwaka 1974 nchi ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1977. Makerere ikafuata na yake mwaka 1985. Kabla ya hapo, kuigusa mashine ilibidi kwanza uajiriwe mahali ilipo. Na kuajiriwa mahali kama hapo ilibidi uwe umesoma.

Linganisheni na ile hadithi inayopendwa sana katika mikutano ya vijana, ati Bill Gates hana digrii na ni tajiri. Ni kweli, aliacha Chuo cha Harvard. Lakini ili uache Harvard, kwanza Harvard ikuchukue. Na mwaka 1968, Gates akiwa na miaka 13, shule yake ya kulipia ya Lakeside huko Seattle ilikuwa tayari na chombo cha kuunganisha wanafunzi na kompyuta. Mwaka huohuo, huku kwetu hata mtu mzima mwenye kazi ya heshima hakuwahi kuiona. Gates hakukosa mashahidi, aliamua tu kutochukua mmoja wao.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni simu na intaneti. Januari 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliandika kwenye mtandao akiomba watu wa kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali penye vurugu. Baada ya siku chache tu ramani ikapatikana, kazi ya kina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Waliiita Ushahidi. Raia alituma ujumbe wa simu au barua pepe, na alichokiona kikawekwa kwenye ramani. Programu ile iliachwa huria, yaani yeyote aliweza kuisoma, kuichukua na kuirekebisha, na imetumika katika nchi nyingi, hata Haiti baada ya tetemeko la 2010. Mwaka huohuo wa 2010, Nairobi ikafungua iHub, mahali pa watu wa teknolojia kukutana.

Mimi nalipenda jina lile kwa sababu ya pili. Katika programu huria kazi yako inaonekana kwa jina lako na tarehe yake. Mtu aliye Berlin anaweza kusoma ulichoandika ukiwa Arua, akaona ulichokosea na ulivyosahihisha. Hapo kwa mara ya kwanza mtu asiye na mwajiri wala chuo anaweza kujitengenezea shahidi. Anahitaji umeme, bando na muda. Najua, hivyo vitatu si vidogo.

Mlango uliofunguka, na uliofungwa

Mwaka 2014 kampuni ya Andela ilianza Lagos. Mwaka uliofuata ikaja Nairobi, baadaye Kampala. Mpango wake ulikuwa huu: kuchukua vijana wenye kipaji kwa mtihani mkali, bila kulazimisha digrii, kuwafundisha huku ikiwalipa, na kuwaunganisha na makampuni ya Marekani yanayotafuta watu wa programu. Mwaka 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg na mke wake iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 ndani yake. Watu wengi walisema: si mnaona, mambo ya digrii yamekwisha.

Septemba 2019 Andela ikatangaza kuwa wateja wanataka watu wenye uzoefu, na kwamba ina vijana wanaoanza wengi kuliko kazi zilizopo. Zaidi ya vijana 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya waliguswa na uamuzi huo.

Sisemi Andela ilidanganya. Ilifundisha watu kweli, na ililipa kweli. Nasema njaa ilipungua. Njaa ilipokuwa kali, mlango ulikuwa wazi na mtihani mmoja ulitosha kuwa shahidi. Ilipopungua, walioanza kutoka ni wale wapya, ambao hakuna mteja aliyekwisha kuwaona wakifanya kazi. Hali ni hiyohiyo sasa, tangu mashine zenye akili bandia zianze kuandika programu zenyewe. Kazi rahisi, zile alizokuwa akipewa mtu anayeanza ili ajifunze, ndizo mashine inazifanya kwanza.

Marekani nako maneno na matendo hayaendi pamoja. Mwaka 2022 jimbo la Maryland lilitangaza kuondoa sharti la digrii katika maelfu ya kazi za serikali, na makampuni makubwa yametangaza mambo kama hayo. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Burning Glass Institute na Harvard Business School walichunguza kazi za aina zote, waone matangazo hayo yamezaa nini. Walikuta hata mtu mmoja kati ya 700 walioajiriwa mwaka uliotangulia hakufika aliyepata nafasi kwa sababu ya mabadiliko hayo. Tangazo lilifutwa neno "digrii", aliyechagua watu hakubadilika.

Na mpakani digrii haijafutwa hata kwa maneno. Viza ya kazi ya Marekani inayoitwa H-1B, ambayo watu wengi wa programu huitumia, inadai digrii au kitu kinacholingana nayo. Kwa asiye nayo, kanuni inakubali kuhesabu miaka mitatu ya kazi ya kitaalamu kama mwaka mmoja wa chuo. Piga hesabu: digrii ya miaka minne inakuwa kazi ya miaka kumi na miwili, yenye ushahidi wa kila mwaka. Kwa watu wenye ndoto ya kuhamia nchi ya tatu, hesabu hiyo si ya kudharau.

Hapa West Nile

Tuje nyumbani. Muni, chuo kikuu cha serikali hapahapa Arua, kilifunguliwa mwaka 2013, na kinafundisha teknolojia ya habari. Tangu hapo kijana wa West Nile hana tena lazima ya kwenda Kampala kutafuta digrii ya kompyuta. Kilichobaki ni karo, na karatasi za kuingilia. Huko Rhino Camp, vijana wakimbizi toka Sudan Kusini walianzisha CTEN, wanafundisha wenzao kompyuta na kukarabati vifaa. Kwa hiyo njia zote mbili tunazo karibu, ya chuo na ya chini ya mwembe.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na kanuni zake za 2010 zikafafanua zaidi. Wenzetu wa nchi nyingine wanatuonea wivu kwa hilo, na wana haki. Lakini ruhusa ya kufanya kazi bado haijasema unajua kazi. Vyeti vya sekondari vya nje vinalinganishwa na UNEB, na vya chuo vinashughulikiwa na NCHE. Zote ziko Kampala, na zote zinataka uonyeshe karatasi. Aliyekimbia usiku na mtoto mgongoni hakubeba faili.

Halafu kuna mashahidi wengine ambao mabango hayawataji kabisa. Mpaka mwaka 2019, mkimbizi mwenye karatasi ya OPM tu alipata taabu kusajili laini ya simu. Mwaka huo Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu karatasi hiyo itumike. Hebu fikirieni: unaweza kujua programu kama mtu wa Nairobi, lakini huna laini kwa jina lako, kwa hiyo huna mobile money kwa jina lako, na mteja aliye mbali hana pa kutuma pesa. Hapo hata digrii tatu hazikusaidii.

Kijana mmoja wa kikundi chetu, mwenye S4, alitengenezea shirika moja daftari la kompyuta la kuandikisha watu wanaokuja kupokea msaada. Alijifunza mwenyewe kwa simu na laptopu ya kuazima. Daftari lilifanya kazi mwaka mzima. Kisha shirika likatangaza nafasi ya mtu wa kompyuta, na sharti la kwanza likawa digrii. Aliomba hata hivyo. Hakuitwa. Aliyepata nafasi alikuja kumuuliza namna daftari linavyofanya kazi, naye akamuonyesha, maana ni mtu mwenye adabu. Nilimuuliza: una barua yoyote inayosema uliitengeneza wewe? Hana. Jina lako liko ndani ya programu? Haliko. Mtu aliyekupa kazi yuko wapi? Amehamishwa nchi nyingine. Mwaka mzima wa kazi nzuri, na hakuna hata shahidi mmoja. Wale sita wa ENIAC wangemuelewa.

Ninachomjibu yule mama

Nilirudi kwa mama mwenye ng'ombe na kumwambia haya, na ndiyo ninayowaambia wazazi wote.

Usimuuze ng'ombe kwa sababu ya bango. Kozi yoyote ikikuahidi kazi, waombe wakuonyeshe watu watatu waliosoma hapo mwaka juzi na ukaongee nao wewe mwenyewe. Kozi nzuri haiogopi hilo.

Usidharau digrii pia. Kama mtoto ana alama na karatasi, ajaribu ufadhili. Ule wa DAFI, unaolipiwa na serikali ya Ujerumani na wengine kupitia UNHCR, umekuwepo tangu 1992, na umesomesha wakimbizi wengi. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, lakini kuomba si kuuza ng'ombe. Digrii inamlazimisha mtu kujifunza mambo ambayo anayejifunza peke yake huyaruka: hesabu, namna ya kupanga data, jinsi mashine zinavyozungumza kwenye mtandao. Asiye na digrii bado anayahitaji. Akiyaruka, atajua kunakili tu, na kazi ya kunakili ndiyo mashine imeichukua.

Kama digrii haipatikani sasa, aanze kazi bila hiyo kama alivyofanya Shirley, aache mlango wa masomo wazi. Lakini kuanzia siku ya kwanza akusanye mashahidi. Akitengeneza kitu, jina lake na tarehe viwe ndani yake. Akimfanyia mtu kazi, hata duka la boda boda, hata kanisa, aombe barua yenye sahihi na namba ya simu kabla yule mtu hajahamishwa. Karatasi za OPM na laini ya simu ziwe kwa jina lake, na majina yaandikwe namna moja kila mahali. Nimeona herufi moja ikimkosesha mtu malipo.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza: "Na hizo barua, mtoto akizihifadhi nyumbani, moto ukija tena?" Sikuwa nimefikiria. Sasa katika kikundi chetu cha Manibe kila kijana anapiga picha kila barua na kila cheti, anajitumia kwa barua pepe, na nakala moja inakaa kwa mwenzake. Tuna faili kumi na tisa mpaka leo. Ya yule kijana wa daftari imeanza upya: shirika halikumpa kitu, lakini watu wawili aliofanya nao kazi pale wamekubali kuandika na kutia sahihi kwamba walimuona akiitengeneza.

Ng'ombe bado yuko. Binti wa yule mama anakuja Jumanne na Alhamisi, na ameanza kurudia hesabu za S3.